Dawa ya Ubongo Inapofika Moyoni

Tarehe 31 Machi 2021, FDA, mamlaka inayosimamia chakula na dawa nchini Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu lamotrijini, dawa ya kifafa ambayo wengi huijua kwa jina la Lamictal. Mamlaka hiyo ilikuwa imepokea ripoti za wagonjwa waliopimwa moyo wakakutwa na kasoro, nayo ikaagiza dawa ichunguzwe maabara. Majibu yalionyesha kwamba, kwa kiwango kilekile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa anayetibiwa, lamotrijini huzigusa seli za moyo kwa namna inayofanana na baadhi ya dawa za kurekebisha mapigo. Kwa hiyo, tahadhari ilisema, mtu mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuvurugikiwa na mapigo akiitumia.

Habari ya aina hii ikimfikia mgonjwa nusunusu huweza kumdhuru kuliko dawa yenyewe. Anasikia kwamba dawa ya kifafa inaharibu moyo, anaacha vidonge kimyakimya, na baada ya siku chache anaanguka jikoni au barabarani. Tahadhari hiyohiyo ya FDA ilisisitiza kwamba mtu asiache dawa bila kuzungumza na daktari wake, lakini sentensi hiyo ndiyo hupotea njiani habari inapopita mdomo kwa mdomo. Hivyo inafaa kulieleza jambo hili kwa utulivu: dawa za kifafa zinafikaje moyoni, ni zipi zinazohusika, ni nani wa kuchukua hadhari, na hatari hiyo hutambuliwaje mapema.

Umeme wa chumvi

Seli za ubongo na za moyo hufanya kazi kwa umeme, na umeme huo hutokana na chumvi. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi. Ndani kuna potasiamu nyingi. Katika ukuta wa seli kuna milango midogo ya protini inayofunguka na kufunga kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Milango ya sodiamu ikifunguka, sodiamu huingia kwa kasi na seli huwaka. Ya potasiamu ikifunguka, potasiamu hutoka na seli hutulia, ikingoja zamu yake nyingine. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliueleza utaratibu huu mwaka 1952 baada ya kuchunguza neva nene ya ngisi, na mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Mtu anaposhikwa na kifafa, kundi la seli za ubongo huwaka kwa pamoja na kwa kasi bila kufuata zamu. Dawa nyingi za kifafa huingilia hapo hapo. Zinajibandika kwenye mlango wa sodiamu uliokwisha kufunguka na kufunga, na kuuchelewesha usirudi haraka katika hali ya utayari. Seli inayowaka kwa mwendo wa kawaida haisumbuki sana, maana kati ya zamu na zamu dawa hupata muda wa kubanduka. Seli inayowaka mfululizo ndiyo inayonaswa. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi fenitoini, karbamazepini, oksikarbazepini na lamotrijini. Lakosamidi nayo hulenga mlango huohuo, ingawa kwa mwendo wa polepole zaidi.

Mwili wa binadamu una aina 9 za milango hii ya sodiamu. Ubongo una zake, na moyo hutegemea zaidi aina moja ambayo wataalamu huiita Nav1.5. Tofauti kati ya aina hizi si ndogo, na mtu wa pwani ana ushahidi wake. Sumu ya samaki bunju huziba milango ya neva hata ikiwa ni kidogo sana, ikapoozesha misuli ya kupumua, lakini mlango wa moyo huistahimili. Ndiyo sababu aliyekula bunju hukata pumzi wakati moyo wake ungali unapiga. Dawa za kifafa hazitofautishi kwa ukali wa namna hiyo. Huupenda mlango wa ubongo unaowaka ovyo, lakini hata ule wa moyo huugusa.

Kwa nini basi mamilioni ya watu wanazimeza kila siku bila moyo kulalamika? Moyo mzima wa mtu aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Huo ni mwendo wa taratibu ukilinganisha na seli ya ubongo iliyoshikwa na kifafa, kwa hiyo kati ya pigo na pigo dawa hubanduka. Hali hubadilika pale sehemu ya moyo inapokosa oksijeni, kwa mfano baada ya shambulio la moyo. Seli za sehemu hiyo hushindwa kutulia sawasawa, milango yake hubaki imefunga kwa muda mrefu zaidi, na dawa hupata mahali pa kung'ang'ania. Hapo ndipo umeme unapoanza kupita kwa kusuasua upande mmoja na kwa kasi upande mwingine, na mapigo huvurugika. Neno "mwenye ugonjwa wa moyo" katika ile tahadhari ya 2021 lina maana hiyo hasa.

Kusoma karatasi ya ECG

Umeme wa moyo huanzia kwenye kijishina kidogo katika chumba cha juu cha kulia. Husambaa katika vyumba vya juu, ukafika kwenye kituo kilicho katikati, kisha ukashuka kwa njia maalumu hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu kwenda mwilini. Kituo hicho cha katikati hufanya kazi kama konda wa daladala: huchelewesha kidogo safari ya umeme mpaka vyumba vya chini vijae damu, ndipo hugonga bodi gari liondoke.

Kipimo cha ECG huandika safari hiyo kwenye karatasi. Mdachi Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hii, ndiye aliyeyapa mawimbi yake herufi P, Q, R, S na T zinazotumika hadi leo. Kwa suala letu kuna vipande vitatu vya kutazama. Kipande cha PR ni muda wa umeme kutoka vyumba vya juu hadi kuingia vya chini. Kwa mtu mzima huwa kati ya milisekunde 120 na 200. Kikirefuka, yule konda amechelewa, na akichelewa kupita kiasi baadhi ya mapigo hayashuki kabisa. Kipande cha QRS ni muda wa umeme kuenea katika vyumba vya chini, na hakitakiwi kufika milisekunde 120. Kipande cha QT ni muda wa vyumba hivyo kuwaka na kutulia tena. Kikivuka milisekunde 500, baada ya kurekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, kuna hatari ya moyo kuingia katika mapigo ya ovyo yanayoweza kumwangusha mtu au kumuua. Kikifupika mno nacho si salama.

Dawa moja moja

Karbamazepini, ambayo wengi huijua kwa jina la Tegretol, inafanana kwa umbo na dawa za sonona kama amitriptilini, na tabia zao moyoni hukaribiana. Kwa kiwango cha kawaida cha matibabu inaweza kurefusha PR au kupunguza mapigo, na waliopatwa na hali hiyo mara nyingi ni wazee, hasa wanawake. Anayemeza vidonge vingi kwa mkupuo huwa na sura nyingine: moyo humwenda mbio, na QRS inaweza kupanuka. Mtu ambaye ECG yake tayari inaonyesha umeme umezuiwa katika kituo cha katikati hapaswi kuanzishiwa dawa hii.

Fenitoini ina historia ya pekee, kwa sababu imewahi kuwa dawa ya moyo pia. Houston Merritt na Tracy Putnam wa Boston walionyesha mwaka 1938 kwamba inazuia kifafa. Baadaye madaktari wa moyo wakaanza kuitumia kwa mapigo yaliyovurugwa na sumu ya dijitalisi, dawa nyingine ya moyo, na ikapangwa katika kundi moja na lidokaini, ile dawa ya ganzi ya madaktari wa meno ambayo pia hutuliza mapigo. Kwa njia ya vidonge fenitoini haiusumbui moyo mara nyingi. Kiwango kikizidi, dalili za kwanza hutoka kwenye ubongo: mtu huyumba, macho huchezacheza, ulimi huwa mzito.

Lakosamidi, iliyoidhinishwa mwaka 2008, hurefusha PR kadiri dozi inavyoongezeka. Kwa mwenye hitilafu ya njia za umeme wa moyo, ECG inatakiwa kabla ya kuanza na tena dozi inapofikia kiwango chake. Rufinamidi na senobameti hufanya kinyume: hufupisha QT, na ni marufuku kwa mtu aliyerithi QT fupi.

Lamotrijini ndiyo iliyoleta mjadala. Baada ya tahadhari ya FDA, ILAE, shirikisho la kimataifa la wapambanao na kifafa, liliunda jopo moja na AES, chama cha kifafa cha Marekani, na kupitia ushahidi wote. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo, uwezekano wa dawa hii au ndugu zake wa sodiamu kuleta kifo cha ghafla cha moyo ni mdogo mno au haupo. Wenye kuhitaji ECG ni walio juu ya miaka 60, na walio chini ya umri huo wenye ugonjwa wa moyo au vihatarishi vyake.

Hofu ya FDA haikutoka hewani. Mwaka 1989 jaribio lililoitwa CAST lilionyesha kwamba enkainidi na flekainidi, dawa za moyo zinazoziba milango ya sodiamu, ziliwaua zaidi wagonjwa waliokwisha kupata shambulio la moyo kuliko vidonge visivyo na dawa, ingawa zilifanikiwa kupunguza mapigo yao ya ziada. Tangu hapo kila dawa inayogusa mlango huo hutazamwa kwa jicho kali. Lakini dawa zile hubanduka polepole sana kutoka kwenye mlango. Lamotrijini hubanduka upesi. Kuzihesabu kuwa kitu kimoja ni kukosa mizani.

Kuna nyingine ambazo moyo hauzioni sana. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na ambayo kwa unafuu wa bei bado ni nguzo ya kliniki nyingi za Afrika Mashariki, hufanya kazi kwa kuongeza nguvu ya kemikali inayotuliza ubongo. Hatari yake ikizidi ni kupunguza pumzi na kushusha presha. Valproati na levetirasetamu kwa kawaida haziubadilishi umeme wa moyo. Hata hivyo, mwanamke anayeweza kushika mimba asikimbizwe kwenye valproati kwa sababu tu ya kuogopa moyo: dawa hiyo hudhuru mtoto tumboni, na hatari hiyo imethibitishwa vizuri kuliko ile anayoikimbia.

Kasi ya sindano

Mara nyingi madhara makubwa ya moyo hutokea hospitalini, pale dawa inapoingizwa kwenye mshipa kwa haraka. Mfano mkuu ni fenitoini, inayotolewa kwa mgonjwa ambaye kifafa kimekataa kukatika. Ikiingia kwa kasi, presha huanguka, mapigo hupungua, na moyo unaweza kusimama. Sehemu ya lawama inakiendea kimiminika kinachoiyeyusha, propilini glaikoli, ambacho nacho hudidimiza moyo.

Kanuni ni kutozidisha miligramu 50 kwa dakika kwa mtu mzima, na nusu ya kasi hiyo kwa mzee au mgonjwa wa moyo. Chukua mgonjwa wa kilo 60 aliyeandikiwa miligramu 20 kwa kila kilo. Jumla ni miligramu 1,200, na kwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa zitachukua dakika 24. Muuguzi anayezimaliza kwa dakika 5 kwa sababu foleni ni ndefu ameizidisha kasi hiyo karibu mara 5. Dawa hii huchanganywa na maji ya chumvi. Kwenye maji ya glukosi huganda vipunje. Na mgonjwa ambaye moyo wake unakwenda polepole mno, au umeme wake umezuiwa katikati, hapewi kabisa kwa njia hii.

Dawa zinapokutana

Mgonjwa mmoja huwa na dawa za maradhi mengine, na hapo kiwango salama hugeuka. Erithromaisini na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huzuia ini lisivunje karbamazepini, ikalundikana katika damu hata kama mgonjwa hajaongeza kidonge. Valproati hupandisha kiwango cha lamotrijini karibu maradufu, ndiyo maana zikitumika pamoja dozi ya lamotrijini hupunguzwa. Fenitoini ina hila yake: ikifika kiwango fulani ini hulemewa, na nyongeza ndogo ya dozi huleta ongezeko kubwa la dawa kwenye damu. Zaidi ya hayo kuna dawa zinazorefusha QT zenyewe, kama kwinini, haloperidoli na erithromaisini hiyohiyo. Duka la dawa lisilouliza mteja anatumia nini kingine linaweza kumkutanisha na mchanganyiko ambao hakuna daktari angeuandika.

Moyo unaojifanya kifafa

Kuna kosa la kinyume ambalo hugharimu maisha. Moyo ukisimama au ukipiga ovyo kwa sekunde kadhaa, ubongo hukosa damu, na mtu huanguka, hukakamaa na kutetemeka. Anayetazama huona kifafa. Wenye kurithi QT ndefu wamekuwa wakitibiwa kifafa kwa miaka kabla ya mtu yeyote kuwapima moyo; katika aina moja ya ugonjwa huo mlio wa ghafla, kama wa saa ya kumwamsha mtu, hutosha kumwangusha. Wengine wana ugonjwa wa Brugada, ulioelezwa na ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, mwaka 1992, ambao kwa baadhi yao hutokana na hitilafu ya mlango wa sodiamu wa moyo. Kwa mtu wa namna hii, kumpa dawa inayoziba mlango uleule ni kumwongezea ugonjwa kwa jina la tiba.

Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, unataka ECG ya nyaya 12 kwa mtu aliyeanguka mara ya kwanza kwa kinachodhaniwa kuwa kifafa. Kipimo hiki hakina maumivu na huchukua dakika chache. Historia nayo husaidia: kuanguka wakati wa mazoezi au kwa kushtuka, kuzinduka haraka bila kuchanganyikiwa, au ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, vyote huelekeza kidole kwenye moyo.

Kifafa chenyewe na moyo

Mizani haikamiliki bila kutazama upande wa pili: kifafa kisichotibiwa kinaufanya nini moyo. Wakati mtu anapoanguka, mapigo hupanda kwa wagonjwa wengi, na kwa wachache sana husimama kwa muda. Lililo zito zaidi ni kifo cha ghafla cha mwenye kifafa, kinachokadiriwa kumpata mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya vifo vilivyotokea hospitalini, wagonjwa wakiwa chini ya mitambo, ulionyesha mfuatano wake: anguko kubwa la mwili mzima, kisha pumzi kukatika, kisha moyo kusimama. Wengi walikutwa wamelala kifudifudi. Kihatarishi kikuu ni idadi ya maanguko hayo makubwa, na kinachoyapunguza ni dawa.

Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2011, ulikusanya majaribio 112 ambamo wagonjwa waliokuwa bado wanaanguka waliongezewa ama dawa halisi au kidonge kitupu. Waliopewa dawa kwa dozi inayofanya kazi walipatwa na vifo hivi vya ghafla mara 7 pungufu kuliko wenzao. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 wana kifafa duniani, na katika nchi maskini karibu robo tatu yao hawapati tiba wanayohitaji. Kwa hesabu yoyote ya haki, kukosa dawa kumeua wengi kuliko dawa.

La kufanya

Mwenye kifafa asiye na ugonjwa wa moyo, na ambaye dawa yake inamsaidia, aendelee nayo. Mwenye miaka zaidi ya 60, aliyewahi kupata shambulio la moyo, mwenye moyo uliopanuka, au mwenye ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana, amweleze daktari na aombe ECG kabla ya kuanza dawa ya kundi la sodiamu, na nyingine dozi itakapofikia kiwango. Anayetumia dawa hizi akaanza kuzirai kwa namna tofauti na anavyoanguka siku zote, au kuhisi moyo unaruka mapigo, aende hospitali siku hiyohiyo akiwa na vidonge vyake vyote mkononi, pamoja na vya presha na vya mafua. Hata hapo asiache mwenyewe: dawa ya kifafa hubadilishwa kwa hatua, moja ikipunguzwa huku nyingine ikiongezwa.

Na kwa wahudumu wa afya ombi ni moja. Kabla ya kumwandikia mtu neno kifafa kwenye faili lake, mpimeni moyo angalau mara moja, kisha mtunze karatasi hiyo. Itakuwa kipimo cha kulinganishia kwa miaka yote atakayoitumia dawa.